Siku Karani Aliponiambia Nimepona

1

Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi Karani aliponipa habari kwamba nimepona. Pilau yenyewe ilikuwa ya uyoga, maana nyama huku kwetu Mwezini tunaisikia tu, lakini binzari nyembamba ilikuwa ya kweli na bwalo zima la Mlalo Juu lilinukia sherehe. Na sherehe ilikuwa yangu. Yangu na ya Mzee Shelukindo.

Niseme mapema mimi ni nani, nisije nikawaacha njiani. Naitwa Tumsifu Mrutu, fundi hewa, umri miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Upareni, mwanamke. Nilipozaliwa mkunga aliandika mvulana. Simlaumu, aliandika alichokiona. Jina sikulibadilisha, maana kwetu Tumsifu anaweza kuwa kaka au dada, na marehemu bibi yangu alilichagua mwenyewe, nikashukuru nikabaki nalo. Vingine vyote vilihitaji karatasi.

Karatasi niliipata nikiwa na miaka kumi na tisa. Daktari wa akili alinihoji kwa miezi minane, akaniandika kwenye Sura ya Tano ya Kitabu cha Maradhi, ile sura ya magonjwa ya akili. Jina la ugonjwa: mkanganyiko wa jinsia. Nami, nisiwadanganye, niliibusu ile karatasi mbele yake. Bila hiyo hakuna dawa, hakuna upasuaji, hakuna kitambulisho chenye sura yangu na jinsia yangu pamoja. Nilikuwa tayari kuitwa mwenye kichaa ili mradi niachwe niishi. Hasira ilikuja baadaye sana, siku nilipotaka kushika lango.

Mlalo Juu ni mji wa watu mia tisa, umejengwa ndani ya pango chini ya uso wa Mwezi. Njia ya kutokea nje ni moja. Anayeifungua na kuifunga anaitwa mshika lango, na kosa lake moja linaweza kutumaliza wote kabla chai haijapoa. Kwa hiyo sheria imeandikwa kwa wino mzito: mwenye namba yoyote ya Sura ya Tano haruhusiwi. Nilifanya mtihani wa lango mara tatu. Mara tatu nikashika namba moja. Na mara tatu Karani akanijibu kwa adabu zake: "Samahani sana, dada Tumsifu. Una maradhi ya akili."

Karani si mtu. Ni mtambo unaotunza ghala, milango na orodha ya mizigo, na waliomtengeneza walimpa sauti ya kijana wa Pwani aliyelelewa vizuri, mpaka ukitaka kumtukana unaona haya.

Basi siku ile habari zilitoka Duniani kwamba Muungano wa Matabibu umelifuta jina la ugonjwa wetu kutoka Sura ya Tano. Limefutwa kabisa, halikuhamishwa. Dk. Lwitiko, daktari wetu wa akili, Mnyakyusa mpole ambaye hata kikohozi chake kinaomba radhi, alipanda juu ya benchi bwaloni akalisoma tangazo lote. Alipofika kwenye maneno "hawakuwahi kuwa wagonjwa" sauti ikamkatika. Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele. Mzee Shelukindo, aliyeandikwa msichana alipozaliwa na ambaye ameishi mwanaume kwa miaka arobaini, alivua kofia akaishika kifuani.

Ndipo Karani akaongea kutoka darini.

"Dada Tumsifu, hongera. Namba yako ya Sura ya Tano imefutwa. Kuanzia chombo kijacho kutoka Duniani unaruhusiwa kushika lango."

Jamani! Nilipiga kigelegele mwenyewe, pilau ikamwagika kwenye viatu vya watu.

"Na kwa kuwa sasa umepona," Karani akaendelea, "dawa zako nimezirudisha ghalani, na zile za mzigo ujao nimezifuta. Za Mzee Shelukindo vilevile. Poleni kwa maradhi yaliyopita."

2

Ngoja niwaeleze habari ya kilo, maana ndiyo iliyotushika koo. Kitu hakipandi Mwezini bila sababu. Kila kilo inayotoka Duniani, Karani lazima aiandikie sababu yake, na tangu siku ya kwanza ya mafunzo tunakaririshwa sababu tatu: chakula, kazi, ugonjwa. Msumari unapanda kwa sababu ya kazi. Dawa inapanda kwa namba ya ugonjwa, na ikishapanda, inatoka ghalani kwa namba hiyohiyo. Huna namba, kabati halifunguki. Sheria hii haikutungwa na watu wabaya. Waliitunga waliohofia wakubwa wasije wakapandisha starehe zao na kuacha dawa za watoto chini, na kwa miaka ishirini imefanya kazi yake vizuri.

Sasa mimi na Mzee Shelukindo, baada ya upasuaji wetu, miili haitengenezi homoni yenyewe. Mimi nabandika kibandiko pajani mara mbili kwa wiki, yeye anachomwa sindano. Ukikosa dawa hizo Duniani utachoka, usingizi utaruka, na mifupa itadhoofika kidogo kidogo kwa miaka. Mwezini uzito wako ni sehemu moja ya sita ya ule wa nyumbani na mifupa tayari imeshakuwa mivivu. Huku hatuhesabu miaka, tunahesabu miezi. Dk. Lwitiko alinionyesha picha ya nyonga ya mtu wa kituo kingine aliyekaa bila dawa miezi saba. Ilikuwa na matundu kama mkate.

Mzee Shelukindo alikuwa amevunjika kifundo cha mkono mwaka uliotangulia, kwa kuinua tu trei ya uyoga. Na hapo dawa alikuwa anazipata.

"Mimi ndiye niliyeandika barua," Dk. Lwitiko aliniambia ofisini kwake kesho yake asubuhi. Macho yalikuwa mekundu. "Miaka sita nimewaandikia wafute lile jina. Niliwaambia ni dhuluma, mtu mzima mwenye akili zake kuandikwa mgonjwa ili apewe haki yake. Nikawapa na mfano wako, Tumsifu, wa lango. Kilo sikuzifikiria. Naapa sikuzifikiria."

Nilitaka kumnyonga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Miaka sita mtu anakupigania kimyakimya, hujui! Nikamwambia asante, nikamaanisha, halafu nikamuuliza tunafanyaje.

Akatoa karatasi mezani. Iliitwa Ombi la Kubaki. Kituo kinaweza kubaki na orodha ya zamani ikiwa wahusika wote watajiombea wenyewe kwa maandishi, mbele ya mhudumu wa afya asiye daktari wa akili. Tukisaini, ugonjwa unarudi, na dawa zinarudi nao. Lango linaondoka. Mmoja akikataa, hakuna kitu. Na orodha ya mzigo ujao ilikuwa inafungwa baada ya siku sita; ikishafungwa, ni kusubiri siku tisini nyingine.

"Kwa hiyo nichague," nikasema. "Niwe mzima nivunjike, au niwe mgonjwa nisimame."

"Sikutaka iwe hivi," akasema daktari.

Nilikaa na ile kalamu siku nzima. Kushika lango nilikuwa nakutaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote. Lakini mimi ni kijana, nikasema, naweza kuvumilia kuitwa jina. Yule mzee akianguka mara moja tu hainuki tena. Jioni nikawa nimeamua: nasaini kwa ajili yake. Niseme ukweli, nilijiona mtu mwema kweli.

3

Chumba cha uyoga kina joto na giza la kahawia, na Mzee Shelukindo hutembea humo kwa vidole vya miguu utafikiri uyoga umelala.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mshika lango. Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja nayo."

"Rudi nayo."

Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Hakuwa anatania. Aliendelea kunyunyiza maji.

"Mzee, nisikilize. Mimi ndiye ninayepoteza lango, na nasaini. Wewe unapoteza nini?"

Akaweka kopo chini. "Mwanangu, mimi nimeandikwa mgonjwa wa akili wewe hujazaliwa. Mke wangu alipofariki tulikuwa na watoto wawili tuliowalea pamoja, mmoja darasa la pili, mmoja ananyonya kidole bado. Ndugu zake walikwenda mahakamani na karatasi ileile iliyonipa dawa. Hakimu hakuuliza nawapikia nini. Hakuuliza nani anawaogesha. Alisoma namba, akafunga faili. Watoto wakachukuliwa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. "Juzi mtambo umeniita mzima mbele ya watu mia tatu. Wewe unataka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaombe ugonjwa urudishwe?"

"Na mifupa?"

"Mifupa ni yangu."

"Huo ni ukaidi!" Nilipandisha sauti kwa mtu wa umri wa baba yangu, Mungu anisamehe. "Nakupa lango langu, unanitupia usoni!"

"Nani alikuomba?" akasema. "Usinibebeshe wema wako, binti. Ni mzito hata huku."

Nikatoka nimefura. Milango ya Mwezini haibamizwi, inajifunga yenyewe taratibu, kwa hiyo hata raha ya hasira huipati. Nilikaa siku nne sisemi naye. Chakula alikuwa ananiletea, anakiacha mlangoni, uyoga umekaangwa na kitunguu, nami nakula huku nimenuna.

4

Siku ya tano Dk. Lwitiko alituita wote wawili twende kliniki kwa Bi Nyamizi. Yeye ndiye mhudumu wa afya aliyebaki, na sheria ilitaka hata anayekataa akatae mbele ya shahidi.

Bi Nyamizi ni mkunga. Mnyamwezi wa Nzega, umri hamsini na minane, mfupi, mkali, mwenye tabia ya kukupima presha hata ukiwa umekuja kuazima sindano ya kushonea. Tulimkuta na mjamzito mmoja, Nasra wa karakana, amesimama kwenye mzani. Kwenye benchi kulikuwa na bibi wawili wanasubiri zamu yao.

"Kaeni," alisema bila kutugeukia. "Nasra, shuka. Mtoto anakua vizuri. Vidonge vya damu unameza au unamwagia maua?"

"Nameza, Bi Nyamizi."

"Karani, mpe vya mwezi."

Kabati likafunguka, likamtolea Nasra vidonge vyake, akaaga akaenda. Bi Nyamizi akakunja gauni lake hadi gotini, akachukua kibandiko kwenye trei, akakibandika kwenye paja lake mwenyewe huku anazungumza. "Mnisamehe, leo ni siku yangu, nikisahau nitasahau mpaka wiki ijayo. Haya, leteni hiyo karatasi yenu."

Mimi sikuleta kitu. Macho yalikuwa kwenye paja la yule mama. Alichokibandika kilikuwa cha rangi ya asali, kimekatwa kona moja. Kibandiko changu! Nimekibandika miaka kumi na tano, hakiwezi kunipotea.

"Bi Nyamizi," nikasema, "unaumwa nini?"

"Nani anaumwa?"

"Hicho kibandiko."

"Hiki? Hiki si cha ugonjwa. Nimekoma hedhi, mwili umeacha kutengeneza homoni, na huku mifupa haina subira. Bibi wote wa Mlalo Juu tunabandika. Hata hao hapo." Wale bibi wawili wakaitikia kwa vichwa. "Kwa nini unaniangalia hivyo?"

Nikainua uso darini. "Karani! Bi Nyamizi ana ugonjwa gani?"

"Bi Nyamizi hana ugonjwa, dada Tumsifu."

"Sasa dawa yake inapandaje?"

"Kwa kadi. Sababu za kilo ni nne: chakula, kazi, ugonjwa na kadi ya kliniki. Wengi huisahau ya nne."

Dk. Lwitiko alijipiga paji la uso kwa kiganja, pa! Daktari bingwa, na fundi hewa aliyeshika namba moja mara tatu, na mzee wa miaka sitini na mmoja, wote tumekariri sababu tatu, na kila siku tunapishana na wajawazito wakibeba dawa zao kwenye vikapu. Hakuna aliyejiuliza wale wanaumwa nini. Mjamzito haumwi. Anaanza kliniki tu, anapewa kadi, anaangaliwa. Wala hakuna anayemvua kazi ya lango kwa sababu hiyo. Mama Nasoro, mshika lango wetu, alilishika mpaka mimba ikafika mwezi wa saba.

"Karani, nifungulie kadi mbili," akasema Bi Nyamizi. Alikuwa ameshaelewa kabla sijafungua mdomo. "Tumsifu Mrutu. Shelukindo."

"Kadi ya aina gani? Ninazo za ujauzito, za mtoto mchanga, za uzazi wa mpango, za waliokoma hedhi, na za wazee kuanzia miaka sitini na mitano."

"Hakuna hata moja yao."

"Basi samahani, siwezi."

"Usiniambie huwezi. Kanuni ya kumi na mbili inasemaje?"

Karani akasoma, kama kweli amefungua kitabu. "Mkunga anaweza kuanzisha kadi ya aina mpya kwa mtu asiye mgonjwa ambaye mwili wake unahitaji kuangaliwa. Sharti: mkunga aliyeianzisha aiangalie mwenyewe kwa miezi kumi na minane, ndipo iingie kwenye kitabu cha kudumu. Akiondoka kabla, kadi inafungwa." Halafu akaongeza: "Bi Nyamizi, una kiti kwenye chombo kijacho. Unarudi Nzega. Nikifungua kadi, kiti kinafutwa, na kingine kitapatikana baada ya miezi kumi na minane."

Hilo nalo tulilijua wote. Mama yule alikuwa Mwezini miaka kumi na moja. Alikuwa na mjukuu wa miaka minne ambaye hajawahi kumshika, na picha zake zilikuwa zimebandikwa juu ya mzani, kila mjamzito akipimwa anaoneshwa meno ya mtoto wa Nzega. Masanduku yake tayari yalikuwa yamefungwa kamba.

Wa kwanza kusogea alikuwa Mzee Shelukindo. Alikuja mezani akachukua kalamu kwa ule mkono wake uliowahi kuvunjika.

"Niletee karatasi, daktari," akasema. "Nasaini."

"Mzee!" nikasema.

"Kuomba tena namba aliyoisoma hakimu, kwa ajili yangu, siwezi. Lakini huyu dada asikose mjukuu kwa ajili ya mifupa yangu." Akafungua kifuniko cha kalamu. "Mimi najua kukosa mtoto. Leta."

"Na mimi nasaini," nikasema. "Nenda nyumbani, Bi Nyamizi. Tutaitwa wagonjwa, si mara ya kwanza."

Bi Nyamizi aliiangalia ile karatasi. Akaivuta kutoka mkononi kwa daktari, akaiweka kwenye kiti chake, akaikalia.

"Sasa tulieni," akasema. "Nyinyi wawili mna shida ya kupenda kutoa sadaka. Mjukuu wangu ana mama. Ana baba. Ana bibi mwingine wa upande wa pili ambaye anaongea kuliko mimi. Atalia siku nikimwambia siji, na mimi nitalia, na tutazungumza kwenye simu, na miezi itapita. Huko ni kuchelewa tu, hakuna atakayekufa."

"Si haki," nikasema, na machozi yalikuwa yameshanifika kidevuni.

"Nani kazungumza haki? Nazungumza kazi." Alivua miwani akaifuta na pindo la gauni, na nikaona kumbe na yeye analia. "Nimezalisha miaka thelathini na tatu. Mtoto anatoka, naangalia mara moja, naandika: mvulana, msichana. Naenda kwa mwingine. Watoto zaidi ya elfu nne! Wangapi niliwaandika vibaya, sijui. Walikua, wakaenda kuhojiwa na madaktari, wakanyang'anywa watoto, na mimi huku nakunywa chai yangu nimemaliza kazi. Sikuwahi kumrudia hata mmoja kumuuliza, mwanangu, niliandika sawa? Hawa wawili Mungu kaniletea mpaka benchi. Halafu nipande chombo?"

Dk. Lwitiko alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamcheza.

"Karani, futa kiti changu."

"Nimekifuta. Kadi mpya iitwe nini?"

"Kadi ya Kuangaliwa."

"Mwenye kadi anaangaliwa kwa sababu gani?"

"Asivunjike mifupa. Unataka sababu nyingine ya nini?"

"Inatosha, Bi Nyamizi," akasema Karani, na naapa sauti yake ilikuwa na heshima zaidi ya siku zote. "Dada Tumsifu, kadi yako imefunguliwa. Huna ugonjwa wowote. Mzee Shelukindo, shikamoo, kadi yako imefunguliwa. Huna ugonjwa wowote. Dawa za mzigo ujao nimezirudisha kwenye orodha."

Kabati likafunguka. Vibandiko vyangu na sindano za mzee vikatoka kwenye trei ileile iliyotoa vidonge vya Nasra.

Mzee Shelukindo alikaa kwenye benchi katikati ya wale bibi wawili, akalia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujificha. Bibi mmoja akamshika mkono, mwingine akamfuta kamasi na mtandio wake. Nilipiga magoti mbele ya Bi Nyamizi kama tunavyofanya kwetu kwa mzazi, nikamwambia asante, nikarudia. Akaniambia niinuke, sakafu ni ya baridi.

"Mzee," akasema, "acha kulia upande mzani. Nawe Tumsifu utafuata. Kadi haijazwi kwa machozi."

5

Chombo kilifika wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi kwa saa zetu. Mzigo ulishushwa kwanza, na boksi la kliniki lilikuwemo. Halafu wasafiri wakapanga mstari langoni na suti zao, helmeti mikononi, na nusu ya mji imekuja kuwasindikiza.

Nilikuwa nimevaa fulana nyekundu ya mshika lango. Ilikuwa kubwa kidogo, ya Mama Nasoro, na nilikuwa nimeipiga pasi mara mbili. Dk. Lwitiko alikuja akanirekebisha kola, akasema ameshaanza kuwaandikia Muungano wa Matabibu barua nyingine, kuhusu kilo safari hii, ili vituo vyote vipate kadi kama yetu. Nikamwambia safari hii aisome kwa sauti kwanza kwa fundi hewa. Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka.

Nataka niseme kitu hapa kabla sijamaliza. Watu wamenieleza kwamba sasa niichukie ile karatasi niliyopewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Siwezi. Iliniita jina baya na ikanifikisha nilipo, na yule daktari wa miezi minane alinipa alichokuwa nacho. Namshukuru. Namshukuru Dk. Lwitiko aliyeifuta. Ila shukrani kubwa kuliko zote asubuhi ile ilikuwa ya mtu mmoja, na alikuwa anapenya kwenye umati akisukuma watu kwa kiwiko. Alimfikia msafiri wa mwisho mstarini akamkabidhi kifurushi. Ndani yake kulikuwa na kofia ya mtoto, ameifuma kwa nyuzi za suti kuukuu.

"Ukifika Nzega mvalishe wewe mwenyewe," alimwambia. "Mwambie ni ya bibi, na bibi anakuja. Kama kichwa kimeshakuwa kikubwa, mama yake afumue nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Nyamizi."

Desturi yetu inamtaka mshika lango, kabla hajagusa kifungio, atamke jina lake na hali yake mbele ya wote, halafu asubiri pumzi tatu. Mwenye shaka naye aseme hapo. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo siku ishirini. Nilipofungua mdomo, maneno yote yakakimbia.

Watu wakasubiri.

"Mimi ni Tumsifu Mrutu," nikasema hatimaye. "Sina ugonjwa. Ninaangaliwa."

Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Niliona kofia ya Mzee Shelukindo kule nyuma imeinuliwa juu ya vichwa vya watu.

"Na presha yake nzuri!" Bi Nyamizi akapaza sauti. "Nimeipima leo asubuhi!"

Bwana, watu walicheka mpaka wasafiri wakacheka na wao. Nikazungusha kifungio, taa ikawa kijani, na lango la Mlalo Juu likafunguka kwa mkono wangu. Wakapita sita, nikiwahesabu mmoja mmoja kwa kuwagusa bega kama inavyotakiwa. Kiti cha saba kiliondoka kitupu, na mwenye kiti alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mkanda wa fulana yangu nisije nikaelea mbele kwa furaha.

"Asante, Mama," nikamwambia.

"Funga lango, mwanangu," akasema.